Fimbo za Kutembelea: Nunua Mbili, na Acha Aibu

 

Theluji ikishayeyuka hapa Brooklyn Park, maswali ninayoulizwa kwenye harusi na kwenye vikao vya michango hubadilika. Wakati wa baridi watu huuliza kuhusu mafua na sukari. Ikifika mwezi wa tano wanauliza kuhusu magoti. Mmoja anataka kuanza kutembea jioni lakini goti linamgomea. Mwingine amejiwekea nadhiri kwamba akifikisha miaka 50 ataenda nyumbani kupanda Kilimanjaro. Mwingine amemleta mama yake mzazi, na mama tangu afike safari yake ni kutoka kwenye kochi kwenda mezani, kwa sababu anaogopa kuanguka. Wote hao jibu langu huanza vilevile: tafuta fimbo za kutembelea, zile za wapanda milima, na ziwe mbili. Na karibu wote wananijibu kwa mshangao uleule: "Fimbo? Mimi? Dada, bado sijazeeka!"

Hapo ndipo penye tatizo, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Nimesomea uuguzi nyumbani, nikasoma tena hapa Marekani, na sehemu zote mbili nimeona watu wakiteseka kwa sababu ya aibu kuliko kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Mtu yuko tayari kumeza vidonge vya maumivu kila siku mpaka tumbo limchome, lakini hayuko tayari kuonekana na jirani ameshika fimbo.

Jamani, sisi ndio watu wa kuogopa fimbo? Lugha yetu ina bakora, mkongojo, kifimbo, rungu, na kila moja ina heshima yake. Mwalimu Nyerere alitembea na kifimbo chake, Rais Moi na rungu lake, na hakuna aliyewaita wagonjwa. Kijana wa Kimaasai anachunga kutwa nzima na fimbo mkononi, anaiegemea akisimama na kuitumia akivuka korongo. Mkongojo peke yake ndio unaohusishwa na uzee, na bahati mbaya tumezitia fimbo zote katika jina hilo moja.

Tuangalie sasa hayo magoti. Wengi wetu huku ughaibuni tunabeba maboksi, wengine tunahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea wazee, shifti mbili kwa siku, tunainua na kugeuza watu wazima waliotuzidi uzito. Tukitoka hapo tunakaa ndani ya gari, kisha tunakula ugali saa nne usiku. Uzito unapanda. Watafiti waliwahi kuweka vipimo ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa na kupima mzigo halisi. Ukitembea sehemu tambarare, goti linabeba takriban mara 2.5 ya uzito wako. Ukishuka ngazi, takriban mara 3.5. Kwa hiyo mtu wa paundi 200 akishuka ngazi za apatimenti yake, kila hatua goti linapokea kama paundi 700. Si ajabu linalia.

Mwaka 1999 watafiti wa Austria walichapisha vipimo vya watu waliokuwa wakishuka mteremko mkali wakitumia fimbo mbili. Mzigo kwenye goti ulipungua kwa kati ya asilimia 12 na 25. Zingatia maneno mawili: kushuka, na mbili. Kwenye tambarare nafuu ya goti ni ndogo zaidi, na pale faida kubwa ni kutoyumba na kufanyisha mikono kazi. Mapigo ya moyo hupanda kidogo kwa sababu mabega na mikono nayo inatembea, lakini wengi hawahisi kuchoka zaidi. Kwa mtu anayetaka kupunguza uzito hiyo ni zawadi.

Kwa nini nang'ang'ania mbili? Fimbo moja inakufanya uegemee upande mmoja. Ukienda nayo maili tatu, bega moja linapanda, kiuno kinapinda, na kesho yake unaniambia mgongo unauma. Mbili zinakwenda kwa mpangilio wa kawaida wa mwili: mguu wa kulia na mkono wa kushoto, mguu wa kushoto na mkono wa kulia. Huna haja ya kufundishwa. Tembea kama kawaida, mikono ikining'inia, ziburute fimbo hatua ishirini, utaona mikono yenyewe inaanza kuzichomeka mahali pake.

Urefu ndio jambo ambalo watu wengi hukosea, hasa wanaonunua kama zawadi bila kumpima mwenyewe. Simama wima ukiwa na viatu vyako vya kutembelea, shika mpini, ncha ikiwa chini karibu na mguu. Kiwiko kikunjike kama pembe ya meza. Kikipanda kuelekea begani, fimbo ni ndefu; mkono ukiwa karibu kunyooka, ni fupi. Kama unanunua kwa mtandao, chukua urefu wako kwa sentimita uzidishe kwa 0.68. Mtu wa futi 5 na inchi 5, yaani sentimita 165, atapata kama 112, aanzie 110. Mtu wa sentimita 180 aanzie 120. Akina mama wafupi muwe waangalifu: mama wa futi 5 anahitaji kama sentimita 103, na ziko fimbo nyingi ambazo hata ukizifupisha kabisa haziendi chini ya 105. Soma kipimo cha chini kabla ya kulipa, siyo cha juu tu.

Kwa sababu hiyo napendekeza zile zinazorekebishika urefu. Ukipanda kilima unazifupisha sentimita 5 hadi 10, ukishuka unazirefusha kiasi hichohicho ili usiiname mbele. Pia familia nzima inaweza kuzitumia kwa zamu.

Kifungio cha kurekebishia urefu kiko cha aina mbili kuu. Kuna cha kuzungusha, na kuna cha kibano cha nje unachofungua na kubana kwa kidole. Mimi nasema chukua kibano bila kujiuliza mara mbili. Cha kuzungusha hakionyeshi kwa macho kama kimekaza, na mtu mwenye vidole vilivyovimba au ganzi ya kisukari hawezi kukikaza vizuri, kisha fimbo inajifupisha ghafla akiwa ameiegemea. Hapo ndipo watu wanapoanguka na kusema fimbo hazifai. Kabla ya kulipa, funga kibano, kisha egemea fimbo kwa uzito wako wote palepale dukani. Usimwonee haya muuzaji. Ikiteleza hata kidogo, rudisha. Zipo pia zinazokunjika vipande vitatu kama fimbo ya hema. Ni nzuri kwa safari, lakini nyingi ya hizo urefu wake haubadiliki.

Kuhusu malighafi, wauzaji watakuambia kaboni ni nyepesi, na ni kweli. Lakini alumini ikizidiwa inapinda, na kaboni ikizidiwa inakatika. Mtu mzito, au anayezitumia kujizuia asianguke, mimi namshauri alumini. Gramu chache za uzito hazitakuchosha kwenye matembezi ya dakika arobaini. Zile zenye springi ndani za kupunguza mtikisiko sioni sababu ya kuziongezea pesa. Mzee anahitaji kuhisi ardhi imara chini yake, siyo kitu kinachobonyea.

Mipini iko ya mpira, ya sponji, na ya lile gome jepesi wanalotengenezea vizibo vya chupa za mvinyo. Mpira ni mzuri ukivaa glovu wakati wa baridi, lakini mkono mtupu wenye jasho unatoka malengelenge. Kwa majira ya joto gome au sponji ni bora. Wenye kisukari mwangalie viganja vyenu baada ya matembezi kama mnavyoangalia nyayo.

Sasa ncha. Chini kabisa pana kichuma kigumu sana, na juu yake huvalishwa kofia ya mpira. Hapa kwetu tunatembea zaidi kwenye lami: ile njia ya Rush Creek inayopita Brooklyn Park, kutoka hifadhi ya Elm Creek mpaka Coon Rapids Dam kwenye Mto Mississippi, imetiwa lami. Kwenye lami kavu vaa kofia za mpira. Kichuma kitupu kinateleza juu ya zege na kinapiga kelele mpaka mbwa wa watu wanashtuka. Ukiingia kwenye udongo, mawe au barafu, vua kofia. Vile visahani vidogo vya plastiki juu ya ncha ni vya kuzuia fimbo isizame kwenye matope; kwa theluji kuna vikubwa zaidi, na mara nyingine vinakuja kwenye pakiti moja.

Mkanda wa mkono nao una namna yake. Mkono unapita kutoka chini ya mkanda kwenda juu, kisha unashuka kushika mpini pamoja na mkanda. Hivyo uzito unakaa kwenye mkanda na huna haja ya kukaba mpini kama unaminya nguo. Lakini penye utelezi, toa mikono kwenye mikanda kabisa. Ukianguka fimbo ikiwa imefungwa mkononi, kidole gumba kinavutwa nje na kano yake inachanika. Ni jeraha linalojulikana sana kwa watelezaji wa theluji, na kupona kwake huchukua wiki nyingi. Mwenzangu anayefanya kazi ya kuinua wagonjwa, ukipoteza gumba umepoteza mshahara.

Nimetaja utelezi, na kwa Minnesota siwezi kuupita haraka. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inasema zaidi ya mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka. Wazazi wetu wamezoea vumbi na matope. Barafu ile nyembamba isiyoonekana kwenye maegesho ya magari hawajawahi kufundishwa. Nyonga ikivunjika ni upasuaji, na mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi hana Medicare. Kama hamkumkatia bima ya safari, basi ni michango, na mnajua wenyewe michango ya hospitali ilivyo. Kwa hiyo wakati wa baridi fimbo peke yake haitoshi. Mvalishe viatuni vile vikamata-barafu vya mpira vyenye miiba au waya chini, mpe fimbo mbili zenye ncha tupu, na atembee hatua fupi, uzito ukiwa juu ya mguu wa mbele. Akifika mlangoni avue vile vya miguuni kabla ya kukanyaga vigae, kwa sababu juu ya vigae vinateleza kama sabuni. Siku ya barafu kali mpelekeni akatembee ndani ya duka kubwa. Hilo nalo ni zoezi.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Fimbo za wapanda milima siyo kifaa cha matibabu. Mtu ambaye mguu mmoja umelegea baada ya kiharusi, anayepata kizunguzungu akisimama, aliyeanza kuanguka bila sababu, au ambaye goti limevimba na lina joto, asianzie dukani. Aanze kwa daktari, na aombe apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huenda anachohitaji ni bakora ya kitabibu au kiegemeo cha miguu minne, na hivyo Medicare Sehemu B inavichangia daktari akiandika kwamba ni vya lazima. Za milimani zinabaki juu ya mfuko wako. Na kwa wenye bakora moja, naona kosa hili kila siku: bakora inashikwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu. Goti la kulia linauma, bakora iko mkono wa kushoto. Wengi wanafanya kinyume, na hapo inasaidia kidogo sana.

Wapo wanaosema fimbo zinamzoesha mtu uvivu. Siwakubali, ingawa hawakosi hoja. Kamati ya tiba ya shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, inazipendekeza kwa wazee, wenye uzito mkubwa, wenye matatizo ya magoti na wanaobeba mizigo, lakini inaonya kwamba anayezitumia wakati wote hupunguza uwezo wa mwili kujiweka sawa wenyewe. Kama wewe ni mzima, kuna siku ziache nyumbani. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, karibu na sinki la kushika. Mwenye mguu mbovu hana anasa hiyo, na asisikilize maneno ya watu.

Wale wa Kilimanjaro sasa. Mazoezi ya kupanda hapa ni kitendawili: mlima mrefu kuliko yote Minnesota, Eagle Mountain, una mita 701, wakati Arusha mjini ni kama mita 1,400. Yaani mtu wa Arusha akiwa amelala kitandani yuko juu yenu karibu mara mbili! Hata hivyo miteremko ipo. Afton State Park kando ya mto St. Croix ina mabonde makali, na kaskazini njia ya Superior Hiking Trail, yenye zaidi ya maili 300, inapanda na kushuka mpaka uombe poo. Nendeni huko mkajifunze kushuka, kwa sababu watu wengi huwaza kupanda tu. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, mpaka lango la Mweka ni zaidi ya mita 4,000 za kushuka, na wengi hushuka zote kwa siku mbili, kuanzia kwenye changarawe zinazoporomoka chini ya kisigino. Magoti ya watu wa makamo yanaharibikia pale. Moshi mjini fimbo za kukodi zipo, lakini mtu wa futi 5, au wa futi 6 na zaidi, asitegemee kupata saizi yake. Beba zako, na uziweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Usibishane na watu wa usalama wa uwanja.

Bei isiwatishe. Majina makubwa kama Leki na Black Diamond ni mazuri, na yanaweza kuvuka dola 100 au 150 kwa jozi. Lakini jozi nzuri ya vibano, kwa mfano ya Cascade Mountain Tech, mara nyingi hupatikana chini ya dola 50, na Costco wamekuwa wakiiuza kwa misimu. Anayetaka kujaribu kwanza aende REI pale Maple Grove, ashike mipini yote, ajue urefu wake, kisha aamue. Nisichopendekeza ni zile za bei ya chee kabisa, zenye kifungio cha kuzungusha na zisizo na kofia za mpira za akiba. Kofia zinakwisha, hasa kwenye lami. Zikague kila mwezi, na kichuma kikianza kutokeza nunua nyingine.

Kwa mzazi anayeanza, wiki ya kwanza ni dakika kumi tu, mtembee naye ukiwa pembeni nyuma kidogo, upande wa mguu wake dhaifu, bila kumshika mkono. Ukimshika mkono unamnyang'anya fimbo moja. Mkirudi, zifungue vipande vyote, zifute, ziache zikauke usiku kucha zikiwa zimetenganishwa, kwa sababu maji ya chumvi ya barabarani hukaa ndani na kugandisha viungio. Na usipake mafuta ya aina yoyote ndani ya fimbo, kibano kitateleza.